Upande wa Askofu

Chumba cha mapigano kilinuka kitunguu saumu kuanzia sakafuni hadi darini. Ilikuwa Sikukuu ya Kupashwa Habari, siku ambayo hata Mgiriki anayefunga Kwaresima kwa ukali huruhusiwa kuonja samaki, na mpishi wa manowari Panopi hakutaka mtu aje aseme kwamba Bahari ya Shamu imemsahaulisha dini. Alikaanga samaki wa chumvi, akaponda kitunguu saumu na viazi na mafuta ya zeituni mpaka vikawa rojo zito, kisha akateremsha sahani hadi kule chini kwenye giza la skrini, kwa wale waliokuwa zamu na hawakuweza kupanda kula.

"Adui akija leo tusipoteze risasi," alisema Iordanis, mtu wa rada, akijifuta vidole kwenye suruali. "Tufungue mlango tu, tumpumulie."

"Pumua upande wako wewe," alijibu Thrasivoulos, mkuu wa mizinga, mzee mnene aliyevaa funguo ya chuma shingoni pale ambapo wengine huvaa msalaba. "Mimi nimekaa nawe tangu asubuhi. Pua yangu imekwisha kufa shahidi."

"Mzee Thrasos, hiyo si harufu, ni kinga. Hata shetani haji."

"Shetani haji kwa sababu tunaye Luteni Anthi. Mwenye msalaba! Mwaka huu wote baharini ni wetu, au nasema uongo, binti yangu?"

Luteni Anthi Sarri alitabasamu bila kugeuza kichwa. Sahani yake ilikuwa imepoa pembeni, haijaguswa. Alikaa kiti cha katikati, macho kwenye skrini kubwa, kwa maana leo ilikuwa mara ya kwanza kapteni kumruhusu amwachie Mamamkwe.

Panopi ilikuwa meli ya zamani iliyovishwa nguo mpya. Ilikuwa na rada ya kutazama mbali, jicho la joto la kuona moto wa kombora hata likijificha kwenye mng'ao wa maji, na sikio la kusikiliza rada za watu wengine. Ilikuwa na makombora yake ya kudungulia makombora, na pale omo, mbele kabisa ya meli, ulisimama mzinga uliotema risasi kwa kasi kama mvua ya mawe. Zamani kila kitu kilikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa na mdomo wake. Wa rada alipiga kelele, wa sikio akapiga kelele, wa mzinga akauliza, "Wapi? Wapi?" Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vitano visivyoongea navyo ni hivyo hivyo. Anthi alikuwa amekaa gudini, kwenye karakana ya meli, miaka miwili pamoja na mafundi akivifunga vidole hivyo kwenye mkono mmoja, macho yote na masikio yote na silaha zote chini ya ubongo mmoja. Mabaharia ndio walioupa ubongo huo jina la Mamamkwe. Aliona kila kitu, hakunyamazia kitu, na akishaamua hakuuliza mtu.

Hadi juzi Kapteni Vergotis alikuwa amekataa katakata kumpa Mamamkwe ruhusa ya kufyatua mwenyewe. Apendekeze tu, alisema, na binadamu ndiye abonyeze.

"Kapteni, kombora linalopita juu ya mawimbi halitupi nafasi ya mazungumzo," Anthi alimwambia. "Tukiliona, limefika."

"Na akikosea?"

"Hatakosea. Nimemfunga mwenyewe. Naweka shingo yangu."

Kapteni alikuwa mtu mdogo mkimya wa kisiwa cha Kefalonia, mwenye tasbihi ya kaharabu aliyoichezesha vidoleni si kwa sala bali kwa mawazo. Aliichezesha kitambo. "Shingo yako ni moja, Luteni. Humu ndani zimo shingo mia mbili. Na nyuma yetu ipo Fotini, imejaa mafuta kama kibuyu." Kisha akaondoka, na asubuhi alipokuja kunywa kahawa akasema neno moja: "Haya."

Ndiyo maana leo alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Anthi, na tasbihi yake ililia tik, tik, tik.

Upande wa kushoto, mbali, ilikuwepo pwani waliyokuwa wakiiogopa. Nyuma yao, karibu, meli ya mafuta Fotini ilijivuta kuelekea kusini, na nahodha wake, mzee wa kisiwa cha Hio, kila saa aliita redioni kuuliza kama wako macho. Juu ya skrini ya Anthi, kwenye ufa kati ya mabati mawili, kulikuwa kumechomekwa kijiti cha mrehani kilichokauka mpaka kikawa rangi ya tumbaku.

Kijiti hicho kilikuwa cha askofu. Mwezi wa kwanza, Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Panopi ndiyo iliyopewa heshima ya kumbeba askofu siku ya kubariki maji. Siku moja kabla, Mamamkwe akiwa katika majaribio, alimwona shakwe akipita bandarini, akauzungusha mzinga kumfuata, polepole, kama bibi anayemtazama jirani kwa pembe ya jicho. Kila mtu alicheka isipokuwa kapteni. Askofu na wazee wa mji wangesimama pale pale mbele, upande wa kushoto, chini ya mtutu. "Sitaki mzinga wangu umchungulie askofu kwenye ndevu," alisema kapteni. "Upande ule ufungwe." Ukafungwa. Thrasivoulos akafunga kwa funguo yake ya chuma, kama alivyofunga kila mwaka tangu akiwa kijana, na Anthi akamwambia Mamamkwe kwamba kuanzia puani mwa meli hadi ubavuni kushoto ni mwiko.

Kesho yake askofu alirusha msalaba majini, na vijana wa mji wakajirusha nyuma yake. Anthi hakupanga. Alivua koti, akavua viatu, akaruka kutoka sitahani pamoja nao, na maji yale ya baridi yalimbana kifua hadi akasahau jina lake. Lakini mkono wake ndio ulioushika msalaba. Honi za meli zote zikalia. Wakambeba mabegani, vikongwe wakambusu viganja, na askofu mwenyewe akashuka hadi chumba cha mapigano kuwabariki watu wa mwanamke huyo. Alichovya mrehani kwenye maji ya baraka, akanyunyiza kulia na kushoto, huku Thrasivoulos akijitupa juu ya mitambo na kulia, "Baba Askofu, umeme! Umeme, Baba!" Kisha kijiti kikachomekwa pale juu, kikabaki. Jioni ile homa ilimwangusha Anthi. Alipoinuka kitandani meli ilikuwa tayari imeng'oa nanga, na kila aliyekutana naye ujiani alimgusa bega kuchuma baraka.

"Kula basi," kapteni alimwambia sasa. "Samaki akipoa anarudi baharini."

Anthi alinyoosha mkono kwenye sahani, na mkono haukufika.

"Sikio!" alipiga kelele Iordanis. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, haina kitunguu wala mzaha. "Sikio linasikia kitu. Kushoto, mbele. Rada ndogo, inatafuta... inatutafuta sisi!"

Kengele ya vita ililia meli nzima. Juu, mamia ya miguu ilikimbia kwenye chuma. Tasbihi ilinyamaza.

"Rada?" kapteni aliuliza.

"Bado. Bado. Mawimbi tu... Hapo! Moja. La, mawili! Mawili, Kapteni, yamelala juu ya maji!"

Kwenye skrini ya Anthi vilikuwa vimechomoza vidoa viwili vyekundu, na kabla hajavuta pumzi Mamamkwe alikuwa amekwisha viunganisha: alichosikia sikio, ilichoona rada, na sasa jicho la joto nalo likasema ndiyo, moto, ni kweli. Picha tatu zikawa picha moja. Miaka miwili ya gudini ilisimama mbele yake katika mistari miwili iliyonyooka, na mistari yote miwili ilikuwa inakuja kwake.

"Luteni?"

"Tumwachie, Kapteni."

"Mwachie."

Anthi alibonyeza, kisha akaondoa mikono yake mezani, kwa sababu kuanzia hapo haikuwa na kazi.

Meli ilipigwa teke kutoka ndani. Kombora la kwanza la Panopi lilitoka likinguruma, na la pili nyuma yake, na vikombe vikacheza mezani. Thrasivoulos alikuwa ameshika funguo yake ya shingoni kwa ngumi. Kwenye skrini vidoa vya buluu vilikimbilia vyekundu, na kimoja cha buluu kikakutana na kimoja chekundu, vyote viwili vikatoweka.

"Limekufa!" Iordanis aliruka kitini. "Limekufa, Mamamkwe oyee! Lile la... la pili..."

Kidoa cha pili cha buluu kilipita. Kilipita karibu kabisa, kikaendelea na safari yake kuelekea kusikokuwa na kitu.

"Limekosa. Limekosa! La pili linakuja!"

"Tulia," alisema Anthi, na aliishangaa sauti yake. "Anaupa mzinga."

Na kweli Mamamkwe hakupoteza hata kufumba jicho. Alikwisha kupiga hesabu, akaona hakuna nafasi ya kombora jingine, akaukabidhi mzinga kazi. Kwenye picha ndogo ya kamera ya omo Anthi aliuona mtutu ukiamka, ukigeuka kushoto kwa haraka, ukija vizuri, ukija, mpaka ukafika usawa wa pua ya meli. Pale ukasimama, kama punda aliyefikishwa kwenye daraja bovu.

"Endelea," alinong'ona. "Endelea, endelea."

Mzinga haukuendelea. Kidoa chekundu kilikuwa kinakua.

"Umekwama!" Thrasivoulos alipiga ngumi mezani. "Nilisema mimi! Nilisema tuache mkono wa mtu! Kapteni, niruhusu nipande juu, niuzungushe kwa mkono!"

"Hufiki," kapteni alisema. "Luteni, kuna nini?"

Anthi alisoma maandishi madogo ya manjano chini ya skrini. Mzinga ungekuwa umeharibika, Mamamkwe angeandika kwamba umeharibika. Kama umeme ungekatika, angeandika umeme. Alikuwa ameandika neno moja tu.

HAURUHUSIWI.

Hauruhusiwi na nani? Nani angeukataza mzinga wa manowari kugeuka kushoto katikati ya vita? Aliinua macho, kwa kutojua ayapeleke wapi, yakakuta kile kijiti cha mrehani.

Askofu alikuwa bado amesimama pale mbele.

Hakuwa ameufungua ule upande, na alilijua hilo mara moja na kwa ukamilifu, kama mtu anavyojua amesahau mtoto sokoni. Aliufunga kwa mkono wake, akaruka majini, akashika msalaba, akabebwa, akaugua, na wakaondoka. Majaribio yote waliyoyafanya njiani waliyafanya kulia, kwa kuwa kushoto kila siku kulikuwa na meli nyingine ya kuwajazia mafuta, na haipigwi risasi kuelekea kwa rafiki. Miezi miwili Mamamkwe alikuwa akimlinda askofu ambaye alikwisha rudi nyumbani kwake kufunga Kwaresima.

Kuufungua? Kulitaka namba yake ya siri na namba ya kapteni, na Mamamkwe alale kidogo na kuamka upya, na akilala angesahau kila alichokiona. Hapakuwa na muda huo duniani.

"Kapteni, geuza meli! Kushoto yote!"

"Kushoto?"

"Kushoto, ndiyo, kushoto!"

"Unanielekeza kwenye kombora?"

"Mzinga umefungwa kushoto tu. Kulia uko wazi. Tugeuke mpaka lije upande wa kulia wa pua!"

Tezi na omo, marejeo ni ngamani: hata mtu awe na mitambo ya namna gani, mwisho wa yote ni mtu mmoja kumwamini mwingine au kutomwamini. Kapteni Vergotis alimtazama. Kulikuwa na sababu mia za kumuuliza kwa nini, na zote zilikuwa za haki. Kila baharia hufundishwa kulielekezea kombora ubavu ambao silaha zake zinaona vizuri, na hakuna anayefundishwa kulikimbilia usoni. Akainamia kipaza sauti.

"Usukani, kushoto yote. Injini zote mbele, nguvu zote. Sasa!"

Panopi ililala ubavu. Sahani zikateleza mezani zikaanguka na samaki wao, rojo zito likamwagika kwenye viatu, na Iordanis akajishika kwenye mtambo wake kwa mikono miwili kama mlevi kwenye nguzo, huku akiendelea kuita, "Linakuja, linakuja, halijageuka, linakuja!" Chuma cha meli kizima kilikuwa kinalia. Anthi hakuona kitu kingine ila mstari wa kijivu hafifu ulioanzia puani mwa meli, mstari ambao macho yake yalikuwa yameuzoea mpaka yakaacha kuuona, mpaka wa askofu, na kidoa chekundu kilichokuwa ng'ambo yake. Meli iligeuka na mstari ukageuka nao. Ulikaribia kidoa kwa uvivu wa kuua.

"Geuka, mama," alisema Thrasivoulos, na hakuna aliyejua alisema na meli au na Bikira Mtakatifu. "Geuka, geuka, mama yangu, geuka."

Mstari ukakigusa kidoa. Ukakipita.

Mzinga ulifyatua papo hapo. Haukungoja mtu aseme, na kama ungengoja wasingekuwepo wa kusema. Uti wa mgongo wa meli ulitetemeka, risasi zikafuatana bila nafasi kati yake, na kwenye kamera ya omo bahari ilichanika mbele yao kwa mstari mweupe. Kidoa kilikuja. Kilikuwa kikubwa sasa, hakikuwa kidoa tena. Kisha picha ikawa nyeupe tupu, na mshindo ukawafikia kupitia ukuta, kupitia viti, kupitia meno.

Juu yao kitu kilinyesha sitahani, kokoto kwa kokoto, kwa muda mrefu.

"Usukani," kapteni alisema. "Nijibuni."

"Tupo, Kapteni." Sauti ya kijana wa usukani ilikuwa inacheka na kulia. "Vioo vimekwenda. Kakatwa mmoja shavuni, si sana. Vipande vimejaa mbele kote. Tupo!"

"Fotini?"

Kabla usukani haujajibu, redio ilikohoa na sauti ya yule mzee wa Hio ikajaa chumba. "Panopi, Panopi! Mnafanya nini huko, mnacheza ngoma? Mmegeuka mbele yangu kama mbuzi barabarani, nusura niwapande!" Akavuta pumzi, na sauti ikabadilika. "Tumeona, wanangu. Tumeona yote. Mungu awape macho."

Ndipo chumba kilipolipuka kwa shangwe. Iordanis alimkumbatia Thrasivoulos, Thrasivoulos akamwaga machozi kwenye ndevu zake, na kutoka kila sehemu ya meli sauti zilijazana kwenye kipaza sauti, "Mwenye msalaba! Mwenye msalaba!" Mzee Thrasos alimshika Anthi kichwa kwa mikono miwili yenye mafuta akambusu utosini.

"Unaona? Msalaba! Kombora usoni kabisa, na binti huyu anasema tulifuate! Nani angejua? Mtu hasomi hilo shuleni!"

"Niache, Mzee Thrasos."

"Nikuache vipi, mwanangu? Nikifika nyumbani mke wangu atakuja kukubusu miguu."

"Niache, nimesema!"

Alimwacha. Kelele ilipungua kidogo kidogo kama maji yanayonywewa na mchanga, kwa kuwa wote walimwona uso wake, na walimwona kapteni amesimama nyuma yake, tasbihi imening'inia kidoleni bila kulia. Kapteni alizima kipaza sauti.

"Mamamkwe aliandika kwamba hauruhusiwi," alisema taratibu. "Nimelisoma neno hilo kupita bega lako. Nani hakuuruhusu?"

Palikuwa na njia ya kujibu ambayo ingempeleka salama hadi bandarini, na alijua anaiona yeye peke yake. Angesema hitilafu. Angesema mafundi. Mia mbili wangeapa kwamba msalaba ndio uliowaokoa.

"Mimi," alisema Anthi. "Upande wa askofu. Niliufunga ile siku ya msalaba, sikuufungua. Hamkuokolewa na msalaba. Msalaba ndio ulionisahaulisha."

Iordanis alikaa chini polepole. Mtu hakupumua hata kitunguu.

"Haiwezekani," alisema Thrasivoulos. Alishika funguo yake akaitoa nje ya shati. "Mimi niliufungua. Jioni ile ile, askofu alipoteremka tu, niligeuza funguo hii kama miaka yote. Niligeuza!"

"Uligeuza ya chuma. Ya ndani ilibaki."

"Kwani ziko mbili?"

"Ziko mbili, Mzee. Sikukwambia."

"Na mimi sikuuliza." Thrasivoulos aliitazama funguo kana kwamba mtu amemwekea nyingine usiku. "Nilijua ukishafungua, umefungua. Ndivyo ilivyokuwa. Ukishafungua, umefungua."

Sakafuni rojo la kitunguu lilikuwa linateleza taratibu kufuata mwendo wa meli iliyokuwa ikirudi kwenye njia yake, ubavu wa kushoto tena kuelekea pwani.

"Niliyesema pafungwe ni mimi," alisema kapteni. "Sikusema pafunguliwe. Haya yote tutayasema bandarini, mbele ya wanaotakiwa kuyasikiliza, wewe, mimi na huyu, na wala usidhani yatakuwa mepesi kwako."

Anthi alisimama. Alitoka kitini akasogea kando. "Nani akae, Kapteni?"

"Unakwenda wapi?"

"Nimekwambia shingo yangu."

"Nitaifanyia nini shingo yako? Pwani ile haijahama." Kapteni alisukuma kiti kwa goti kikamgusa Anthi. "Kaa. Sina mwingine. Na umfungue huyo askofu sasa hivi, atakufa njaa pale mbele."

Iordanis alitoa pumzi puani.

Anthi akaketi. Aliandika namba yake, kapteni akajipinda juu ya bega lake akaandika yake, na Mamamkwe akalala. Skrini kubwa ikawa nyeusi. Katika giza lile Iordanis aliachwa peke yake na rada yake, kama walivyokuwa babu zake wa kazi, na alipiga kelele kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika: "Kushoto, kimya! Mbele, kimya! Kushoto, kimya bado!" Thrasivoulos alikaa na mikono juu ya mzinga usio na macho, midomo ikimcheza. Hata katika shambulio wakati haukuwahi kuwa mrefu namna hii. Lingekuja kombora jingine sasa, lingewakuta wamekaa kama bata.

Skrini ilirudi. Kwanza bahari, kisha Fotini, kisha pwani. Ule mstari wa kijivu haukuwepo.

"Tumwachie?" aliuliza kapteni.

Anthi alichukua usukani mdogo wa mzinga kwa mkono wake. Kwenye kamera ya omo mabaharia watatu wenye mafagio walikuwa wanakusanya vipande vya chuma, wakasimama wima walipouona mtutu unatikisika. Aliupeleka kulia hadi mwisho. Akaurudisha. Ulifika usawa wa pua ya meli, na chumba kizima kikausukuma kwa macho, nao ukapita, laini, bila kusita, ukipitia pale ambapo askofu alisimama na joho lake la dhahabu, pale ambapo yeye mwenyewe aliruka, ukaenda hadi ubavuni kushoto ukasimama ukiitazama pwani. Akaurudisha tena. Akaupeleka tena.

Thrasivoulos alinyoosha mkono kwenye kile kijiti cha mrehani ili akitoe akitupe.

"Kiache," alisema Anthi. "Kikae hapo hapo."

"Cha nini tena, binti?"

"Nikione."

Akageuza uso kwa kapteni, na safari hii hakutaja shingo ya mtu.

"Sasa, Kapteni. Mwachie."